Uso Uliobaki Bila Wino

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Mkabala na duka la vioo.
Jumapili, tarehe tisa Agosti.

Mpendwa Kaka Shoto,

Pokea salamu zangu, tena zipokee ukiwa umekaa, maana leo ni nyingi. U hali gani huko? Mgongo umekuachia, au bado ukiinama kufunga viatu unaita watu wakuinue? Na wifi yangu, lile goti linasemaje? Mliponiandikia kwamba daktari kampa fimbo ya kutembelea na yeye anaitumia kufukuzia paka wa jirani, nilicheka peke yangu mpaka aliye chumba cha pili akagonga ukuta. Kitinda mimba wenu je, bado anavaa soksi za rangi mbili tofauti? Mwambie shangazi yake anasema asiache.

Mimi sijambo kabisa. Macho yanadai miwani mipya, nayo nimeyaambia yangoje. Shangazi yetu naye yupo, anakula, anagomba, na anasikia yale tu anayotaka kuyasikia. Juzi kaniambia nimebadilika. Nikamwuliza, nimekonda au nimenenepa? Akanijibu, "Chagua mwenyewe." Basi ujue ni mzima.

Najua unajiuliza kwa nini nimekaa miezi minne bila kuandika, mimi ambaye nikikohoa tu nakutumia barua. Nimejiunga na darasa, Kaka. Usicheke kwanza. Ni darasa la kuchora hadithi za katuni, kwa kalamu ya kuchovya na wino wa chupa, kama walivyokuwa wakichora watu wa magazeti zamani.

Ilianza kwa udadisi wangu uleule mlioniitia Bi Maswali. Nilipeleka mafaili ya masjala yetu ya hospitali kwa mchapaji yakatiwe majalada. Pale kwenye korido mlango mmoja ulikuwa wazi, na ndani nikasikia kwaru, kwaru, kwaru, kama panya sita wanaokula kwa adabu. Unanijua, mlango ukiwa wazi mimi hupita. Nikakuta watu sita wameinamia meza ndefu, na mzee mmoja mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Nikauliza mnafanya nini humu. Mzee akanipa kalamu.

Huyo ndiye Mwalimu. Alichora katuni za gazeti miaka thelathini mpaka gazeti lenyewe likafa, naye akabaki na kidau chake cha wino. Sisi humwita Nukta, kwa sababu kila akimaliza kusema jambo hutia nukta kwa mdomo. "Mkono wako mzito, nukta." "Umekosea, endelea, nukta." Mwanzoni nilidhani ananidharau, kumbe ndivyo alivyo, hata chai huagiza hivyohivyo.

Hivi wewe unajua kwamba nibu ina miguu miwili? Mimi sikujua! Ni kipande cha chuma cha ncha ya kalamu, kidogo kuliko ukucha, kimepasuliwa katikati. Ukikandamiza, miguu inaachana na mstari unanenepa. Ukilegeza, inarudiana na mstari unakuwa kama uzi. Mpaka hapo unaona rahisi. Jaribu sasa kuisukuma juu badala ya kuivuta chini: inakwama kwenye karatasi, inaruka, inakutemea wino usoni. Mwezi mzima wa kwanza nilichora mistari. Mistari tu, Kaka, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, huku nauma ulimi kama niko darasa la kwanza. Kidole changu cha kati kimeota sugu nyeusi haitoki hata kwa sabuni ya kufulia, na kazini daktari mmoja alinishika mkono akataka kunipima.

Sheria za Nukta ni chache ila hazina huruma. Penseli unaruhusiwa kuifuta, wino hapana. Rangi nyeupe ya kufunikia makosa haingii chumbani kwake. Doa likianguka, ulifanye kitu. Tuna mwenzetu mmoja, mama fundi cherehani, aliangusha tone jeusi kwenye shavu la bibi harusi wake katika kisanduku cha picha cha kwanza kabisa. Akalifanya nzi. Sasa hadithi yake nzima bibi harusi anafukuza nzi, na ni nzuri kuliko ile aliyokusudia.

Kuna utaratibu mwingine wa Nukta, na huu ndio utakaokuhusu, kwa hiyo usome polepole. Tunafanya kazi wawiliwawili. Mmoja anachora kwa penseli, mwenzake anatia wino. Ndivyo alivyofanya yeye gazetini miaka yote: yeye penseli, mwenzake wino. Lakini uso haufuati utaratibu huo. Kama hadithi ni ya mtu wa kweli, uso wake unatiwa wino na anayemjua. Asiyemjua anaruhusiwa nguo, viatu, viti na mawingu. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mkono usiomjua mtu huchora mtu yeyote tu, nukta.

Sasa tunatengeneza kitabu. Si kitabu cha madukani, ni nakala chache tu mchapaji atakazotutolea, kila mwanafunzi kurasa nane. Mwisho wa kupeleka ni tarehe thelathini ya mwezi ujao. Mimi nikachagua kuchora nyumba yetu.

Usishtuke. Nimeichora vizuri. Ngazi ya nje na kile kidato cha tatu kilichovunjika, ambacho Baba kila Jumapili alisema atakitengeneza. Beseni la bati lenye tundu lililozibwa kwa kitambaa. Dirisha la jikoni na lile komeo lililofungwa kwa kijiko. Wewe umo, mrefu, magoti nje, umenibeba mgongoni. Baba yumo na kofia. Na Mama yumo katika kila ukurasa, lakini katika kila ukurasa amegeuka. Anaanika nguo, shuka limemfunika. Anachochea moto, tunamwona kisogo. Anaingia ndani, umebaki mguu mmoja na pindo la gauni.

Sikukusudia hivyo, naapa. Ni mama fundi cherehani aliyeniuliza mbele ya darasa, akicheka, "Huyu mama yako ana uso kweli?" Wenzangu wakacheka. Mimi nikasema ni mtindo wangu. Mtindo gani! Nilikwenda kuosha nibu kwenye karai na nikakaa huko muda mrefu, maana macho yalikuwa yamejaa.

Wewe unajua kwa nini simjui. Nilikuwa na miaka mitatu alipofariki. Picha yake ilikuwa moja tu duniani, na mimi ndiye niliyeiharibu. Ndivyo nilivyoambiwa tangu nilipoanza kuelewa maneno: kwamba wiki chache baada ya msiba nilichukua kidau cha Baba nikaimwagia wino. Baba hakunipiga, lakini hakupenda kuniona na kalamu mkononi mpaka alipokufa. Na Shangazi, katika harusi ya nani sijui, alinitambulisha kwa wageni, "Huyu ndiye aliyemfuta mama yake." Watu wakacheka, ni utani tu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilicheka pia, halafu nikaondoka na sahani yangu nikaenda kula nyuma ya nyumba.

Picha nilipewa mimi Baba alipofariki. Nimekaa nayo ndani ya bahasha, kabatini, chini ya mashuka. Nilikuwa naihifadhi, siitazami. Nani anatazama kosa lake kila siku?

Basi sikiliza yaliyotokea. Mwezi wa sita Nukta aliniambia niwafundishe wanafunzi wapya mistari, Jumamosi asubuhi. Kichwa kikavimba, nikanunua hata aproni. Kati ya wanafunzi wangu yupo dereva mstaafu wa malori, jitu la watu, nibu ikiwa kati ya vidole vyake huioni. Huyo anatumia mkono wa kushoto. Masikini, kiganja chake kinapita juu ya wino kabla haujakauka, akiondoka ana weusi mpaka kwenye kiwiko. Nikawapa kazi ya kutia kivuli: vistari vingi vidogo, vimepangana sambamba, vyote vimelala upande mmoja. Wengine wote vichwa vya vistari vyao vinaelekea kulia. Vya Dereva vinaelekea kushoto. Nikamwambia hapana, lala huku. Akajaribu, akatoa jasho. Nikamgeuzia karatasi, nikamshika mkono. Mwishowe akaniambia kwa upole, "Mwalimu, lori hili halina gia hiyo."

Nukta alikuwa mlangoni. Aliniita pembeni akanipa somo langu. Akasema mkono hauandiki unavyotaka, unaandika unavyokunjika. Wa kulia vistari vyake hulala hivi, wa kushoto hulala vile, na hakuna mwalimu awezaye kubadili bila kuua mchoro. Akasema yeye akiona kivuli cha mtu anajua alishika kalamu kwa mkono upi, hata kama mtu huyo amekufa miaka mia. Nukta.

Nilimwomba Dereva radhi. Lakini lile neno lilinikaa kichwani kama wimbo. Nilifika nyumbani mchana ule, sikuvua viatu, nikaenda kabatini.

Kaka, nikaitoa. Nikaiweka dirishani kwenye mwanga, nikachukua lenzi ya kukuzia niliyoazima darasani. Wino umeshageuka kahawia. Katikati kuna wingu kubwa, pale palipofutwa kwa kitambaa chenye maji, na uso wote umezama humo. Mimi siku zote nililiona wingu tu. Lakini chini ya wingu kuna mistari! Mstari wa sikio, umezunguka vizuri na kipuli chake. Mstari wa shavu unaoshuka mpaka kidevuni, unaanza mwembamba, unanenepa, unakonda tena. Vistari vitatu pembeni ya mdomo. Na juu ya paji la uso, nywele zimetiwa kivuli kwa vistari vidogo vilivyopangana, kama hamsini hivi, na vyote, vyote Kaka, vichwa vinaelekea kushoto.

Mtoto wa miaka mitatu hawezi kufanya mstari ule. Mimi mwenyewe, na miwani yangu na aproni yangu, ulinichukua miezi miwili. Na katika nyumba yetu mwenye mkono wa kushoto alikuwa mmoja.

Nilimpelekea Nukta sikumwambia kitu. Aliishika kwa kingo, akashusha ile miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akakaa nayo. Mimi nilikuwa nahesabu mbao za sakafu. Akasema picha yenyewe ilikuwa imefifia, labda ilipigwa na jua, na mtu alikuwa anapita na nibu juu ya mistari iliyokuwa inapotea. Akasema, "Huyu hakuwa anamfuta. Alikuwa anamrudisha." Nikasubiri nukta yake, safari hii hakuitia.

Nikamwendea Shangazi. Nikamwuliza, Kaka alikuwa anachora utotoni? Akasema enhee, ukuta gani ulisalimika! Alichora kwa mkaa, kwa chokaa, kwa kijiti, Baba yenu akawa anapaka rangi kila mwaka. Halafu akaacha. Lini? Akafikiri, akasema, alipokufa mama yenu, tulidhani ni huzuni. Nikamwuliza Mama alifananaje. Akasema alikuwa mrefu, macho makubwa. Jana yake aliniambia alikuwa mfupi. Basi kwake nimeshakata tamaa.

Sikufichi, nilikasirika. Siku mbili sikuosha hata kikombe. Nilikuwa natembea humu ndani nakugombeza kwa sauti, nakuita majina ambayo sitayaandika hapa kwa sababu wifi atasoma. Miaka arobaini na tisa! Kila harusi, kila kikao, "aliyemfuta mama yake", na wewe umekaa palepale unatazama viatu vyako!

Halafu siku ya tatu, nikiwa nasafisha nibu, udadisi ukashinda hasira, kama kawaida yangu. Nikaanza kujiuliza. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Picha inafifia, hakuna nyingine. Unachukua kalamu ya Baba. Unaanza na sikio, linakubali. Nywele zinakubali. Unafika mdomoni, tone linaanguka. Hakuna aliyekwambia doa linaweza kufanywa kitu. Unakimbilia kitambaa cha maji. Ndivyo? Na mimi nilikuwa wapi? Nimekaa sakafuni karibu na kidau, mikono myeusi? Baba akaingia, akanitazama mimi, na wewe ukanyamaza dakika moja, dakika ikawa siku? Nisahihishe pale nilipokosea. Sitaki kukuhukumu, nataka kujua tu.

Maana mengine nayajua. Najua nani alinisuka nywele kila Jumatatu kabla ya shule, vibaya, njia zikipinda kama mto. Najua nani alinifulia sare mpaka siku aliyoondoka. Wasichana wenzangu walikuwa na mama, mimi nilikuwa na mvulana mwenye vidole vyenye povu. Sasa nadhani naelewa ulikuwa unalipa nini. Kaka, ulishamaliza. Ulimaliza zamani sana, ila mimi sikujua hata nikuambie.

Lakini kuna kitu bado nakudai, na ndiyo sababu ya kifurushi hiki. Ukurasa wa nane. Nimemgeuza Mama. Amesimama mlangoni pa jikoni, anatutazama sisi. Gauni nimetia wino mimi. Mlango, kijiko cha komeo, kidato kibovu, vyote nimetia mimi. Uso nimeuacha mweupe. Simjui, kwa hiyo siruhusiwi. Duniani kote amebaki mtu mmoja anayeruhusiwa.

Niambie kwanza, alikuwa anacheka kwa mdomo wazi au anafunika kwa mkono? Meno yake yalikuwa na mwanya kama yangu? Nyusi zake zilikutana? Vile vistari vitatu pembeni ya mdomo, ulikuwa unataka kumchora anatabasamu, au ndiyo kwanza anaanza? Usiniandikie majibu. Yachore.

Ndani ya boksi utakuta nibu mbili nilizozifunga kwenye pamba, kishikio, kichupa cha wino ambacho nimezungushia nta ya mshumaa kisimwagike, na kitambaa cha kufutia nibu. Nibu tu, si kingine! Nimekuwekea na karatasi za kujaribia, maana mkono utakuwa umelala miaka mingi. Vuta, usisukume. Weka karatasi chini ya kiganja usije ukajipaka kama Dereva wangu. Doa likianguka, usilifute, mwachie Mama. Nukta ameahidi kwamba lisipofika jibu mpaka tarehe thelathini, uso utachapwa mweupe vilevile, hataruhusu mtu aubuni, hata mimi. Kwa hiyo mwenye kuamua ni wewe.

Na ukurasa huo si nakala. Ndio wenyewe, sina mwingine. Mama fundi cherehani aliniambia nina wazimu kuutia posta. Nikamwambia hamjui kaka yangu.

Nisalimie wifi na goti lake, na fimbo yake pia. Kifungua mimba wenu mwambie bado nangoja ile picha ya harusi. Kitinda mimba mbusu, soksi kulia na soksi kushoto. Shangazi anawasalimu wote, au anawagombeza, nimeshindwa kutofautisha. Mungu awaweke, awafungulie asubuhi njema kila siku, na mkono wako wa kushoto aufanye mwepesi.

Ni mimi nikupendaye na kukuuliza mpaka mwisho,
mdogo wako,
Bi Maswali.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga boksi, nimelifungua tena. Nimetia na ile picha, ile ya wingu. Iweke kando ya ukurasa unapochora, ikusaidie kukumbuka, kisha ubaki nayo, ni yako. Ukiigeuza utaona nimeandika nyuma kwa wino, na wino kwetu haufutwi: "Mama. Amechorwa na mwanawe, miaka kumi na mmoja."